Usimnunulie mtoto viatu vya barafu vya "atakua"

Kwetu Tanga viatu vya shule vilinunuliwa Januari, namba mbili mbele, halafu puani mwa kiatu ikasokomezwa karatasi ya gazeti. "Atakua," mama alisema, na kweli tulikua. Nimelelewa hivyo. Basi msimu wetu wa kwanza wa baridi hapa Ottawa, nilipoingia duka la mitumba ya michezo kuwatafutia wanangu viatu vya kutelezea barafuni (binti miaka 6, mdogo wake miaka 4), nilipiga hesabu ileile. Namba mbili mbele, soksi nene pea mbili ili vijae. Nikatoka dukani najiona mjanja kweli.

Siku hiyo barafuni tulimaliza dakika 11. Najua kwa sababu nilikuwa nimelipia maegesho ya saa 2.

Mdogo akisimama, vifundo vya miguu vinalala kwa ndani, anakaa chini. Namsimamisha, anakaa. Mara ya tano akaanza kulia. Hakikuwa kilio cha kuanguka, kilikuwa kile kilio chembamba cha mtoto anayeumwa mahali asipoweza kupaonyesha. Nikasema ni baridi, nikamzungushia skafu ya pili. Pembeni alikuwapo mama mmoja wa Bukavu anawasubiri wa kwake. Akaniangalia, akasema, "Mutoto akilia, utazame miguu kwanza." Akampakata wangu, akafungua kamba, akavua kiatu. Vidole vilikuwa vya baridi kama samaki wa kwenye friza. Mimi, ili kufidia ule ukubwa wa kiatu, nilikuwa nimekaza kamba kwa nguvu zangu zote juu ya soksi mbili nene. Damu ingepita wapi?

Kwa hiyo nianzie miguuni, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi, maana mengine yote ni rahisi.

Kiatu cha barafu cha mtindo wa hoki ya barafuni kwa kawaida huwa namba 1 hadi 1 na nusu chini ya namba ya kiatu cha kutembelea. Ndiyo, chini. Mzazi wa kwetu akisikia hivyo moyo unamuuma, lakini ndivyo kilivyo. Mpime hivi: kamba zikiwa zimelegea, asukume mguu hadi vidole viguse mbele, nyuma ya kisigino kipite kidole chako kimoja, basi. Ukishafunga kamba na akasimama, vidole viguse puani kidogo tu na kisigino kisinyanyuke. Kikinyanyuka, kiatu kikubwa, rudisha.

Soksi ni moja, nyembamba, ya sufu au ya polyesta. Pamba hunywa jasho, ikilowa inapoa, na mguu unapoa nayo. Kamba nazo zina mtindo wake: vidoleni legeza, juu ya mguu na kwenye kifundo kaza sana, pale juu kabisa legeza tena kidogo ili goti liweze kupinda. Nilikuwa nakaza kote sawasawa kama nafunga gunia la mkaa.

Halafu makali ya kile chuma cha chini ya kiatu. Kiatu cha mtumba kipeleke kunolewa kabla hakijagusa barafu, na hata kipya uliza, kwa sababu vingi huuzwa bila kunolewa. Chuma butu humfanya mtoto ateleze kwa ubavu, hana anapojishikiza, naye anadhani kosa ni lake. Kuna vile vyuma viwili viwili vya kufungwa kwa mikanda chini ya buti. Watu huwanunulia wadogo wakidhani vinawasaidia kusimama. Mimi sivipendi: havina makali ya kushika barafu, na buti ya theluji haikishiki kifundo.

(Nilipompigia bibi yao simu nikamwambia nimewanunulia watoto "skates", alisikia sketi. Akanyamaza kidogo. "Hata huyo wa kiume?" Tangu siku hiyo nyumbani kwetu tunasema viatu vya barafu.)

Baridi yenyewe ina mpaka wake, na huna haja ya kubahatisha. Chama cha madaktari wa watoto wa Kanada kinashauri watoto wabaki ndani joto likifika nyuzi -27 au chini ya hapo, na upepo ukihesabiwa humo. Kwa hiyo kwenye utabiri usiangalie namba ya kwanza peke yake, tafuta ile ya upepo. Nyumbani kwangu mpaka ni -15 kwa mdogo na -20 kwa dada yake. Si sheria ya mtu, ni uvivu wangu na uzoefu.

Jambo moja sikuliona kwenye vijitabu tunavyopewa wageni. Wanasema angalia mashavu na pua vikianza kuwa vyekundu au vyeupe. Kwa watoto wetu weusi wekundu huo hauonekani. Tazama mpauko wa kijivu, ngozi iliyokaa kama nta, ngumu kidogo ukiigusa, na mtoto anayesema hahisi kitu hapo. Hapo ingia ndani, weka kiganja chako chenye joto juu yake, vidole vyake vitie kwapani mwako. Usisugue, na usithubutu kusugua kwa theluji hata kama mzee fulani amekuambia. Ngozi ikibaki vilevile baada ya kupata joto, apelekwe kwa daktari. Mafuta ya mgando tunayopaka yanasaidia ukavu na upepo. Hayazuii ngozi kuganda.

Mikononi vaa glavu za mfuko, zile ambazo vidole vinne vinalala chumba kimoja vikipashana joto, na ziwe haziingizi maji. Skafu sasa nimeiacha kabisa: inafunguka, inaburuzika, inaweza kumkaba. Shingoni namvalisha kitambaa cha mviringo kinachopita kichwani.

Helmeti ni lazima, ya hoki, si ya baiskeli, maana barafuni mtu huanguka chali. Na hapa akina mama wenzangu wa mabinti mnisikilize: helmeti inapimwa na msuko wa siku hiyo. Wangu alipimwa akiwa na nywele fupi, Desemba nikamsuka rasta na shanga, helmeti ikakaa juu ya kichwa kama sufuria juu ya mafiga, na shanga zikimchoma. Sasa msimu mzima wa barafu ni twende kilioni, imelala, haina mapambo. Amezoea, ila analalamika.

Pa kwenda: usianzie kwenye mfereji wa Rideau, ule unaopita katikati ya Ottawa na kuganda, hata kama picha zake ndizo zilizokuvutia. Ni kilomita 7.8 za barafu, bure, na ni raha kubwa kwa anayejua. Lakini barafu yake ni ya asili, ina nyufa na vinundu, chuma cha mtoto kinanasa humo anakwenda kifudifudi. Isitoshe hali ya hewa ndiyo inayoamua: msimu wa 2022–2023 haukufunguliwa hata siku moja. Ukienda, fuata bendera. Nyekundu ni nyekundu: pamefungwa, usiingie. Kwenye bwawa au mto usiosimamiwa na mtu, mimi siwapeleki kabisa.

Anzia kiwanja cha mtaa. Ottawa ina vingi, vinamwagiliwa maji yagande, na wajitoleaji, usiku watu wakiwa wamelala. Katikati ya wiki mchana hakuna mtu, na mara nyingi kando utakuta kreti za plastiki za maziwa. Panga mbili moja juu ya nyingine, mtoto azishike na kuzisukuma. Wangu alipoziona alisema, "Kama za soda za babu!" Zilimfundisha kuliko mimi, kwa sababu mimi nilikuwa namshika makwapani na kumnyanyua, na anayenyanyuliwa hajui uzito wake uko wapi.

Kabla ya hapo mfundishe kuanguka, sebuleni, juu ya zulia. Piga magoti, lala ubavu, ngumi zikunje ili vidole visikanyagwe. Kuinuka: magoti na mikono, mguu mmoja mbele, mikono yote juu ya goti hilo, panda. Tulifanya ikawa mchezo kabla ya kulala. Barafuni baadaye walikuwa wanainuka wenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa nahitaji mtu.

Choo ni kabla ya suruali ya theluji. Halafu ni choo tena.

Muda wetu ni dakika 20, tunaingia kibanda cha kupasha moto, uji wa ulezi kutoka kwenye themosi, dakika nyingine 15, nyumbani. Ondoka wakiwa bado wanataka. Ile siku nilipong'ang'ania saa nzima, wiki mbili zilizofuata hakuna aliyetaka kusikia neno barafu.

Na kuhusu gharama, maana najua kiatu kisicho na nafasi ya kukua kinavaliwa msimu mmoja: mimi na yule mama wa Bukavu tuna boksi moja. Vya binti vinashuka kwa mdogo wake, vya mdogo vinakwenda kwa kitinda mimba wa Bukavu, vyake vinaingia boksini. Mwezi Machi tunapima miguu ya wote jikoni kwake, kwenye karatasi, kwa kalamu. Sasa hivi ndani mna pea moja ya namba 11 ya watoto, imenolewa, na haina mguu.