Chuo cha kanisa kwa mwalimu Mwislamu: nenda, lakini uliza kwanza

Dadangu, umeuliza kama ukatae nafasi ya kusomea ualimu kwa kuwa chuo ulichoitwa kilianzishwa na kanisa. Wengi wamekujibu kwamba Waislamu tuwe na vyuo vyetu na Wakristo vyao. Mimi ni Mwislamu, nilisomea chuo cha namna hiyo, na sasa nafundisha shule ya msingi hapa Eastleigh, Nairobi. Nenda.

Ugumu upo, sikufichi. Kwetu ibada ya asubuhi ilikuwa na rejista. Usipoonekana unaitwa ofisini. Kilichonitesa zaidi ni somo la Dini. Mkufunzi wa IRE (somo la Dini ya Kiislamu) hakuwepo, tukawa tunaketi nyuma ya wenzetu wa CRE (Dini ya Kikristo), azimio la kazi na andalio la somo tunajitungia. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, msimamizi aliyekuja kunipa alama hakuweza kujua kama aya ya Kurani niliyoandika ubaoni ina kosa. Hilo linaniuma hadi leo, maana anayepunjwa ni mtoto.

Lakini hapo pametakiwa mkufunzi, si chuo kingine. Mwajiri wetu tangu 1967 ni TSC, tume ya kuajiri walimu, na inakupeleka inakotaka, kwa watoto wa dini zote. Darasani kwangu watoto hugawanyika kipindi cha Dini tu. Kipindi cha hesabu wote ni wangu. Mkristo niliyelala naye bweni moja alijifunza kwangu kwa nini mtoto aliyefunga Ramadhani husinzia saa nane mchana, na ya Kwaresima akanifunza yeye. Hayo hayamo kwenye silabasi.

Belfast, Ireland ya Kaskazini, wametenganisha vyuo vya ualimu: walimu Wakatoliki husomea zaidi St Mary's, Waprotestanti Stranmillis, mji mmoja. Sheria yao ya kuzuia ubaguzi wa dini kazini haikuwalinda walimu kwa miongo, hadi ilipopitishwa sheria mpya mwaka 2022.

Sisi Wakenya tuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 32 kinakataza kumnyima mtu taasisi au kazi kwa ajili ya imani yake, na kinakataza kumlazimisha kutenda kinyume cha dini yake. Kisome kabla hujaripoti chuoni.

Kisha piga simu chuoni: mkufunzi wa IRE yupo? Hijabu je? Swala ya Ijumaa? Wakisema mkufunzi hayupo, waulize nani atakusimamia wakati wa mazoezi, na wakujibu kwa maandishi. Maandalio yako ya IRE niletee, nitayapitia.