Maswali ya Wasomaji: Uhakiki wa Wazi na Data za Wajawazito

SWALI: Mshauri, mimi ni mwanafunzi wa uzamifu jijini Nairobi. Jarida moja la ng'ambo linahakiki makala yangu kuhusu huduma za wajawazito mtaani Mathare, na linataka maoni ya wahakiki, yaani wataalamu wanaoipima makala kabla haijachapishwa, yachapishwe na data zangu ziwekwe katika hifadhi ya umma. Jarida hilo limeniomba pia nihakiki makala ya profesa ambaye huenda kesho akawa katika jopo la kuniajiri, na jina langu litaonekana. Je, nikubali?

JIBU: Kuhusu kuchapishwa kwa maoni, kubali bila kusita. The EMBO Journal, jarida la biolojia, lilianza desturi hiyo mwaka 2009, na jarida la sayansi la Nature sasa huchapisha maoni ya wahakiki pamoja na majibu ya waandishi kwa makala zote za utafiti zilizowasilishwa tangu Juni 2025. Msomaji hupata kuona ni wapi mhakiki alitilia shaka ukubwa wa sampuli na mwandishi alijitetea vipi, na mwanafunzi kama wewe hupata mifano ya uhakiki ambayo si rahisi kuipata darasani.

Suala la jina ni tofauti. Jaribio lililochapishwa na jarida la tiba la BMJ mwaka 1999 lilionyesha kwamba kuwatambulisha wahakiki kwa waandishi hakukubadilisha ubora wa maoni kwa kiasi cha maana, ila waliokataa kazi hiyo waliongezeka. Katika fani ambazo wataalamu wake hapa nchini wanajuana wote, siamini kwamba uwazi unatudai tumweke mtafiti chipukizi hatarini. Mwombe mhariri achapishe maoni yako bila jina, na akishikilia msimamo wake, ikatae kazi hiyo kwa heshima.

Data ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Ubaya wa kuzificha ulidhihirika mwaka 2020, makala ya jarida la tiba la The Lancet kuhusu kutibu UVIKO-19 kwa dawa ya haidroksiklorokwini ilipodai kutumia rekodi za wagonjwa wapatao 96,000 kutoka hospitali 671. Wahakiki waliipitisha bila kuziona rekodi zenyewe. Watafiti wengine walihoji, miongoni mwa mengine, jinsi rekodi zilizodaiwa kutoka Afrika zilivyokuwa na maelezo mengi kupita kiasi, na kampuni ya Surgisphere, iliyodai kuwa na rekodi hizo, ilipokataa kuzitoa zikaguliwe, makala ikaondolewa wiki mbili tu baada ya kuchapishwa.

Hata hivyo, kufuta majina hakutoshi kuwalinda akina mama waliokuamini. Msichana wa miaka 17 aliyejifungua pacha katika zahanati fulani mwezi Machi atatambuliwa na jirani yake mara moja. Kwa hiyo panga umri kwa makundi, ondoa jina la zahanati, na tarehe zibaki kuwa mwaka tu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Isome upya fomu ya idhini waliyotia sahihi, na ikiwa haikutaja watafiti wengine, rudi kwanza kwa kamati ya maadili iliyokuidhinisha.

Kushiriki data si lazima kuwe kumwachia kila mtu azipakue. Kanuni za FAIR za mwaka 2016, zinazoongoza utunzaji wa data za utafiti, zinataka data zipatikane kwa utaratibu unaoeleweka, hata kama zina masharti. Mpango wa utafiti wa afya wa KEMRI-Wellcome huko Kilifi, kwa mfano, una kamati inayopitia maombi ya watafiti wa nje. Mwandikie mhariri ukieleza kwamba maelezo ya data na hojaji vitakuwa wazi kwa wote, na majibu ya akina mama yatatolewa kwa idhini ya kamati. Majarida mengi yanaukubali mpango huo.

SWALI: Je, wengine hawataziwahi data zangu kabla sijamaliza tasnifu?

JIBU: Hofu hiyo ni ya haki, hasa kwa aliyezikusanya mlango kwa mlango. Hifadhi ya data ya mtandaoni kama Zenodo hukupa namba ya kudumu inayoonyesha kwamba data ni zako, na hukuruhusu kupanga tarehe ya kuzifungua. Kubaliana na msimamizi wako na mhariri juu ya tarehe hiyo, kisha iandike ndani ya makala yenyewe.