Corolla inaishiwa nguvu mlimani: pima presha ya petroli kabla ya kununua pampu nyingine

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Nyegezi, Mwanza. Nina Toyota Corolla AE100 ya mwaka 1993, injini 5A-FE. Kwenye tambarare inakwenda vizuri, ila nikianza kupanda mlima wa Bugando inashtukashtuka, na nikizidi kukanyaga mafuta ndiyo kwanza inanywea. Nikiiegesha kama dakika 20 inapata nafuu. Asubuhi napiga stata mara tatu au nne ndipo iwake. Nimebadilisha plagi na waya zake. Imepimwa kwa kompyuta, nikaambiwa haina kosa. Nikashauriwa ninunue pampu ya petroli ya mtumba, nikanunua, hali ni ileile. Sasa naambiwa injini imechoka, ishushwe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Injini usiishushe kwanza. Kwa ulivyoeleza, gari lako lina njaa ya petroli, na mpaka leo hakuna aliyeipima njaa hiyo. Hiyo kompyuta haikudanganya, ila injini za umri huo hazina sensa ya kupima presha ya petroli. Mashine haiwezi kusema kisichopimwa. Kinachosema ni geji ya presha, nayo inafungwa kwa mkono kwenye njia ya petroli.

Kabla ya kufungua chochote, jihadharini na moto. Mpira wa petroli hubaki na presha hata gari likiwa limezimwa. Fundi achomoe soketi ya pampu, awashe injini iungurume mpaka izime yenyewe, kisha atoe waya hasi wa betri. Ndipo afungue bolti ya filta ya petroli polepole akiwa ameizungushia kitambaa. Kazi ifanyike nje, mbali na sigara na mbali na jiko la mkaa la mama lishe wa jirani, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka ukutane na moto. Ndoo ya mchanga au mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Na washa (pete bapa) za shaba za bolti hiyo ziwe mpya wakati wa kufunga. Za zamani huvuja.

Geji ikishafungwa, soketi na waya wa betri vikisharudishwa, injini ikiwa inaunguruma bila kukanyagwa, gari lako linatakiwa lisome kati ya psi (kipimo cha presha) 30 na 37. Kisha chomoa kile kimpira chembamba cha upepo kinachotoka kwenye regileta (kidhibiti cha presha ya petroli) kwenda manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye injini), uzibe mdomo wa upande wa manifoldi. Presha ipande hadi kati ya 38 na 44. Na hapohapo kinuse kimpira hicho na uangalie ndani. Ukikuta unyevu wa petroli, kiwambo cha regileta kimepasuka. Badilisha regileta, kisha pima tena.

Ikiwa presha iko chini, muulize fundi swali moja: petroli haifiki, au inafika halafu inarudi tenki bure? Jibu liko kwenye mpira wa kurudisha. Aubane taratibu kwa koleo lenye midomo laini, kwa sekunde chache tu, sehemu ya mpira na siyo ya bomba. Mpira mkavu wenye nyufa usibanwe, ubadilishwe kwanza. Geji ikiruka juu ghafla, pampu ina nguvu na regileta ndiyo inayoachia. Geji ikisuasua palepale, kuna kizuizi au udhaifu huko nyuma: filta, chujio la ndani ya tenki, pampu, au umeme unaoifikia pampu.

Hapo kwenye umeme ndipo ninaposhuku zaidi, mwalimu, kwa kuwa pampu umeshabadilisha na ugonjwa haukuhama. Miaka ya nyuma nilimfungia mchuuzi mmoja wa dagaa wa Mwaloni Kirumba pampu mpya. Siku ya tatu akaletwa akivutwa kwa kamba, na mzigo wake wa dagaa ukiwa ndani ya gari. Niliinua kiti cha nyuma, nikafungua kile kifuniko cha bati juu ya tenki, nikachomoa soketi. Pini moja ilikuwa nyeusi kama mkaa, na plastiki kuizunguka ilikuwa imeyeyuka ikawa ya kahawia. Betri ilikuwa na volti zaidi ya 13 injini ikiwa inawaka, lakini pampu ilikuwa inapata chini ya 10. Pini ikiungua kidogo inapata moto, ikipata moto inazidi kuzuia umeme, gari likipoa nayo inapoa. Ndiyo maana dakika 20 zinaweza kuleta nafuu. Nilibadilisha soketi, nikasafisha ethi (waya hasi unaofungwa kwenye bodi), nikamrudishia pesa yote ya ufundi wa kwanza, kwa sababu nilimuuzia kitu ambacho hakukihitaji.

Kwa hiyo fundi wako apime volti kwenye soketi ya pampu ikiwa imechomekwa na pampu inafanya kazi. Ukipima waya mtupu bila mzigo utasoma volti nzuri na utadanganyika. Tofauti na betri ikizidi volti moja, afuate waya, rilei, fyuzi na ethi mpaka apate mahali inapopotelea. Kuiendesha pampu bila kuwasha injini, kwenye boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS. Unaunganisha tundu la +B na la FP kwa kipande cha waya, switchi ya funguo ikiwa imefunguliwa (ON) bila kupiga stata. Nalisema hili kwa sababu mafundi wengi waliozoea Nissan hufungua switchi, wakikosa kusikia pampu ikilia wanasema imekufa. Kwenye Toyota za aina yako pampu hupata umeme stata inapozunguka au injini inapowaka. Kukaa kimya switchi ikifunguliwa siyo ugonjwa.

Umeme ukiwa mzima, toa filta. Usiitupe. Imwagie kwenye bakuli jeupe kupitia upande ilikoingilia petroli. Ukiona maji yamejitenga chini, au unga wa kahawia kama kutu, tatizo linaanzia kwenye tenki, na pampu yoyote utakayoweka itaziba tena chujio lake. Hili huwapata sana wanaojaza kwa vidumu na chupa barabarani. Tenki lishushwe, lioshwe, chujio jipya liwekwe.

Kuna jambo moja ambalo gereji nyingi hawalifanyi, nalo ndilo litakalokupa jibu: gari lako linaugua mlimani, basi lipimwe mlimani. Geji yenye mpira mrefu ifungwe nje ya kioo cha mbele kwa gundi ya karatasi, ionekane kutoka kwenye usukani. Mpira wa petroli usiingizwe ndani ya gari hata kidogo. Pandeni Bugando mkiwa wawili, mmoja aendeshe, mwingine atazame. Unapokanyaga, presha inatakiwa isogee kuelekea 40, isishuke. Ikiporomoka pale gari linapoanza kushtuka, mmeukamata ugonjwa. Ikibaki juu na gari bado linashtuka, acheni petroli, rudini kwenye koili, distributa na moto wa plagi.

Kuhusu kuchelewa kuwaka asubuhi: zimeni injini geji ikiwa imefungwa, msubiri dakika 5. Isishuke chini ya psi 21. Ikishuka, jengeni presha upya, zimeni, mbane mpira wa kurudisha. Ikitulia, ni regileta. Ikiendelea kushuka, mbane mpira wa kuleta. Ikitulia hapo, vali ndogo ndani ya pampu haishiki, na pampu za mtumba nyingi huja na ugonjwa huo. Ikishuka bado, nozeli (vinyunyizio vya petroli kwenye injini) zinadondosha.

Ukishapima, niandikie namba tatu: ya mlimani, ya volti kwenye pampu na ya baada ya dakika 5. Nitakujibu.

SWALI: Mimi niko Nansio, Ukerewe. Naweka petroli ya elfu tano elfu tano, taa ya mafuta haizimiki. Jirani anasema nitaua pampu. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli. Pampu iliyo ndani ya tenki hupozwa na petroli hiyohiyo. Tenki likiwa karibu tupu, pampu inabaki kwenye hewa, inapata joto, na kwenye kona inavuta hewa badala ya mafuta. Uchafu wa chini nao unakuwa karibu na mdomo wake. Jitahidi isishuke chini ya robo. Na kama kidumu unachonunulia kiliwahi kuwekwa petroli iliyochanganywa oili ya injini ya mtumbwi, usikitumie kwa gari.