JIBU: Nimepangiwa fizikia, mjomba anasema wasichana ni wachache, nibadili kozi?

Mdogo wangu wa Kongwa, kozi usibadili. Ila hapo ulipoandika kwamba maabara huna wasiwasi, "wavulana wa grupu watanisaidia", chai imenipalia.

Hicho ndicho kilichonimaliza. Darasa letu hapa Dodoma tulikuwa 43, wasichana sita. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu akanishauri: "Wewe una mwandiko mzuri, andika ripoti, vifaa waachie wanaume." Nikamwona malaika! Mimi nimetoka shule ya kata huko Bahi, prakitiko tulichorewa ubaoni. Wenzangu wa grupu walisoma shule zenye maabara, waya wanazishika kama vijiko. Basi nikawa karani. Mwaka mzima ripoti zinapata alama za juu, ameta, kile kipimo cha mkondo wa umeme, sijawahi kuigusa. Grafu zangu lakini, achana nazo, mistari imenyooka kuliko reli.

Mtihani wa prakitiko ukafika, kila mtu na meza yake. Saketi ya kitoto: betri, rezista, ameta, voltimita. Ameta nikaiunga sambamba na betri, pale pa voltimita. Ile kitu ukinzani wake ni mdogo mno, ukiiweka hivyo umeme wote unakimbilia humo. Fyuzi tii! Mshale ukalala. Msimamizi akanitazama kama kaona mbuzi altareni. Nilichoandika baada ya hapo ni sala.

Sapu, yaani kurudia mtihani, Septemba. Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, hakuna, mwenye chumba Makulu anadai, upepo na vumbi, mama kauza mbuzi wawili. Na sapu hata uipatie vipi unaishia C. Yule kaka akanipa pole: "Fizikia si ya kila mtu." Ningemrushia ile ameta, si ilishakufa.

Siku ya kwanza maabara, kabla hawajavuta viti, shika waya WEWE. Unga, kosea, fumua, unga tena. Ripoti iwe kwa zamu. Wakisifia mwandiko wako, sema umeumia kidole.

Mjomba kuhusu uchache hajadanganya. Nobel ya fizikia ilianza 1901, wanawake walioipata ni watano: Marie Curie 1903, halafu kimya mpaka 1963, kisha 2018, 2020 na 2023. Ila Curie elektromita, kifaa cha kupimia umeme mdogo sana, aliishika mwenyewe, akapima mionzi ya urani kwa mkono wake. Hakuwa anamwandikia mume ripoti.

Yale maswali yako mengine ya hosteli na kompyuta nitarudi kukujibu. Kidato cha tatu wananisubiri maabara, na kupitia dirishani naona kuna binti keshapewa kalamu.