Shangazi, mwanangu ametundika daluga akiwa na miaka 15

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Tabata, Dar es Salaam. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Tangu akiwa na miaka tisa namlipia ada kituo cha kukuza vipaji vya mpira, na sijakosa mechi yake hata moja. Mwezi uliopita aliweka begi chini akasema hachezi tena. Nimembembeleza, nimemfokea, kimya. Kinachoniuma zaidi, jioni namkuta anacheza chandimu na wenzake, pekupeku. Kuna wakala aliniahidi kumpeleka Ulaya mwakani, nilishaanza kutafuta hela yake. Nimlazimishe arudi? Daluga zake nimeshazipatia mteja.*
*Baba aliyekata tamaa*

Marahaba, mdogo wangu, na pole. Miaka sita ya ada, nauli na kusimama juani si kitu kidogo, na kuumia kwako nakuelewa.

Ila barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama kwenye hiyo chandimu. Kijana aliyeuchoka mpira hawezi kuucheza pekupeku mpaka adhana ya magharibi. Mpira bado anaupenda. Kuna kingine alichokikimbia.

Niambie, mkitoka uwanjani, ndani ya daladala huwa mnaongea nini? Mtoto wa kaka yangu alikuwa beki wa kushoto. Amekuja kuniambia akiwa mtu mzima kwamba kila Jumamosi asubuhi tumbo lilikuwa linamkata, na hakuwa anaogopa mechi. Alikuwa anaogopa safari ya kurudi nyumbani, amebanwa kiti kimoja na baba yake. Kaka yangu hakuwa mkali, alikuwa anamrekebisha tu. Kwa nini hukurudi kukaba, ile pasi ulikuwa unampa nani. Njia nzima, kila wiki. Mimi nilikuwa nakaa kiti cha nyuma yao, nasikia, na sikusema neno. Linaniuma mpaka leo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington, Marekani, waliwahi kuwauliza vijana wanaocheza mpira ni nini hasa kinawapa raha uwanjani. Yalipatikana mambo 81. Kushinda kulikuwa nafasi ya 48. Yaliyotangulia ni kujituma, kuelewana na wenzao, na kocha anayewatendea vizuri. Sasa linganisha na maswali tunayowauliza wakifika mlangoni: mmeshinda? Umefunga?

Halafu mtazame mwili wake. Timu za vijana hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo aliyezaliwa Novemba anagombea namba na aliyezaliwa Januari, na kwa umri huo miezi kumi ni kimo na kifua kizima. Bado hujaweka vijeba, wale waliopunguza umri ili wacheze na wadogo. Mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17 ilienguliwa kwenye fainali za Afrika kwa sababu ya umri wa mchezaji, na tangu 2009 FIFA hupima vifundo vya mikono kwa MRI, picha inayoonyesha mifupa imekomaa kiasi gani, kwenye Kombe la Dunia la umri huo. Kwenye bonanza la mtaani nani atapima? Huenda mwanao anasugua benchi kumpisha mtu mwenye miaka 19, na anadhani kosa ni lake.

Muulize na goti. Mifupa ikirefuka haraka, msuli wa paja huvuta pale chini kidogo ya pia ya goti, pakavimba na kuuma. Madaktari huita Osgood-Schlatter. Kwa kawaida huisha mtoto akipunguziwa mazoezi na akimaliza kukua, lakini wengi huficha wasije wakapoteza namba. Kwenye chandimu akiumia anakaa pembeni, hakuna anayemfuta kwenye orodha.

Kuhusu huyo wakala, tafadhali usimpe hata shilingi. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kusajiliwa nje ya nchi yake, isipokuwa kwa masharti machache, mfano wazazi wawe wamehamia huko kwa sababu zisizohusu mpira. Mwanao mwakani atakuwa na miaka 16. Mbwana Samatta alijiunga na Genk ya Ubelgiji Januari 2016 akiwa na miaka 23, baada ya Simba na TP Mazembe. Anayekuharakisha anataka hela yako.

Usimlazimishe. Na usiende kukaa naye mezani kama kikao cha ukoo. Siku moja jioni pita pale wanapochezea, simama mbali, usipige kelele ya maelekezo. Mkirudi, mwachie yeye aanze kuongea, hata kama mtafika kimya. Siku atakayofungua mdomo, swali lako liwe moja tu: ni nini kilikuwa kinakuumiza kule? Akilia, mwache alie. Akisema ni wewe, usijitetee. Huenda atataka kuchezea shule tu kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, huenda hatataka kabisa, na ana mtihani wa taifa mwaka huu.

Mteja wa daluga mwambie haziuzwi. Zirudishe chini ya kitanda zilipokuwa, na usimwambie kijana kwamba umezirudisha.