Siku ya 14 si ya kila mwanamke

Dada yangu wa Arusha, umeeleza kwamba mzunguko wako wa hedhi hucheza kati ya siku 27 na 33, kwamba mumeo ni dereva wa magari ya mizigo anayelala nyumbani siku chache tu kwa mwezi, na kwamba kwa miezi minane mmekuwa mkiilenga siku ya 14 peke yake bila kupata mimba. Sasa unauliza kama kizazi chako kina kasoro. Ninakujibu nikiwa mke wa mwongoza watalii hapa Moshi. Kuanzia Juni hadi Oktoba mume wangu hushuka mlimani na kupanda tena kabla nguo zake hazijakauka, kwa hiyo suala la kupatanisha ratiba ya kazi na ratiba ya mwili ninalifahamu kwa kuliishi.

Siku ya 14, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya damu, ni makadirio ya siku ya yai kutoka yanayomfaa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28. Sehemu ya mzunguko inayorefuka na kufupika ni ile ya mwanzo, tangu siku ya kwanza ya kuona damu hadi yai linapotoka, na inaweza kuvurugwa na ugonjwa au msongo wa mawazo. Sehemu ya pili, tangu yai kutoka hadi hedhi inayofuata, haibadiliki sana, na kwa wengi huchukua takriban wiki mbili. Jambo hilo lilitambuliwa katika miaka ya 1920 na madaktari wawili, Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kwa njia yake. Ndiyo maana hesabu huanzia mwisho wa mzunguko na kurudi nyuma. Katika mwezi wako wa siku 27 yai hutoka karibu na siku ya 13, na katika mwezi wa siku 33 hutoka karibu na siku ya 19. Kwa maneno mengine, ile siku ya 14 mliyoing'ang'ania huenda mwezi mmoja iliwakuta mmeshachelewa, na mwezi mwingine ikawakuta mmewahi mno.

Jambo la pili, ambalo naona ndilo kubwa kuliko yote, ni kwamba nafasi ya kushika mimba iko kabla ya yai kutoka. Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za kiume zinaweza kukaa hai hadi siku tano ndani ya mwili wa mwanamke ikiwa ute wa ukeni ni mzuri. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995, Allen Wilcox na wenzake waliwafuatilia wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mtoto, wakaona kwamba mimba zilitungwa ndani ya siku sita tu, yaani siku ambayo yai linatoka na zile tano zinazoitangulia. Uwezekano ulianzia karibu asilimia 10 katika siku ya mwanzo kati ya hizo sita na kufika karibu asilimia 33 siku ya yai lenyewe. Tazama vizuri hiyo 33: hata wanandoa wenye afya, wakipatia siku iliyo bora kabisa, mara nyingi mwezi huo hupita bila mimba.

Kwa hesabu ya kalenda, unachukua mzunguko wako mfupi kuliko yote na kutoa 18, kisha ule mrefu kuliko yote na kutoa 11. Kwako ni siku ya 9 hadi ya 22, mradi uwe umeandika tarehe za angalau miezi sita. Shemeji akirudi siku yoyote ndani ya kipindi hicho, kutaneni, na akiwepo siku kadhaa, kila siku au kila baada ya siku moja inatosha. Hakuna faida ya "kuhifadhi nguvu" wiki nzima mkisubiri siku moja teule.

Kalenda inakupa uwanja mpana, na ute huupunguza. Ute ukiwa mwingi, angavu, wenye kuteleza na kuvutika katikati ya vidole kama ute wa yai bichi, yai liko karibu kutoka. Mimi ute ndio ulionifaa, kwa sababu ulinipa taarifa mapema kiasi cha mume wangu kuweza kuomba abadilishane na mwenzake safari ya Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho, ambayo hula hadi siku nane, na ile fupi ya njia ya Marangu. Kipimajoto sikukiona na msaada kwa hali yetu, kwani joto la mwili hupanda kidogo baada ya yai kutoka, wakati nafasi imekwisha kupita. Vipimo vya mkojo vya LH, homoni inayochochea yai kutoka, vinavyouzwa katika baadhi ya maduka ya dawa, huonyesha dalili siku moja au mbili kabla, na mtu mwenye mzunguko unaocheza kama wako akianza kupima mapema anaweza kufaidika navyo.

Hizo dawa za "kusafisha kizazi" ulizoambiwa ununue, ningeziacha sokoni.

Hukutaja umri wako. Ukiwa chini ya miaka 35, inashauriwa kumwona daktari baada ya mwaka mmoja wa kujaribu, na ukiwa umefikia au kuvuka umri huo, baada ya miezi sita. Usisubiri ikiwa hedhi yako hukosekana kwa miezi au umewahi kuugua maambukizi ya via vya uzazi, kwani hayo huweza kuziba mirija. Kama ulikuwa ukitumia sindano ya miezi mitatu ya kuzuia mimba, ujue kwamba uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi, wakati mwingine kwa miezi mingi baada ya sindano ya mwisho.

Siku hiyo ya daktari, nendeni wawili, hata kama mama mkwe anaamini kwamba tatizo la mtoto ni la mwanamke. Kipimo cha mbegu ni rahisi na hakina maumivu, ila mwanamume hutakiwa kukaa siku mbili hadi saba bila kutoa mbegu, kwa hiyo safari ya shemeji ipangwe kwa kuzingatia hilo. Majibu yakionyesha upungufu, daktari huweza kuomba kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu hivi, kwa sababu mbegu mpya huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa.