Kwa WAJA (wahudumu wa afya ngazi ya jamii) wapya: kabla hamjafungua kadi ya mzazi

Juzi nilimsindikiza mhudumu mpya kwenye kaya moja Pasua, hapa Moshi, mzazi wa siku ya nne. Binti yule ana moyo wa kazi. Alifika mapema, kitambulisho shingoni, kishikwambi kimejaa chaji. Akasimama mlangoni na kuanza kusoma maswali kwa sauti: umejifungulia wapi, hii ni mimba ya ngapi, ulipima VVU. Pale uani wapangaji wanne walikuwa wanafua, na wote waliacha kufua. Nilimshika mkono nikamwomba mwenye nyumba maji ya kunywa, ili tu yale maswali yakome. Tulipotoka akaniuliza kosa lake liko wapi wakati amefuata fomu. Ni mara ya tatu mwezi huu naulizwa hivyo. Basi wanangu, kaeni niwaambie.

1. Mwongozo umekupa kazi, mlango ni wa mwenyewe. Programu jumuishi iliyozinduliwa Januari 2024 inalenga wahudumu 137,294 Tanzania Bara, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa. Mnajua kwa nini inaitwa jumuishi? Sisi tuliotangulia tulikuwa wa miradi: huyu wa kifua kikuu, yule wa lishe, mwingine wa uzazi, kila mmoja na fulana yake na daftari lake. Nakumbuka mzazi mmoja Njoro aliyetembelewa na watu watatu ndani ya wiki moja, na hakuna aliyemuuliza kama anatokwa na damu nyingi. Ninyi mmepewa kaya nzima, na hiyo ni heshima kubwa. Lakini mama akisema leo hapana, ni hapana. Rudi kesho, pitia kwa balozi au mwenyekiti wa mtaa, na ukiingia shikamoo ya kwanza iende kwa bibi, si kwa mtoto, hata kama mtoto ni mzuri kiasi gani.

2. Kadi inasomwa kwa macho. Hapa nitakaa.

Nilikuwa na mwaka mmoja kazini. Nilipanda migombani kwa mzazi wa siku ya sita, uzao wa kwanza. Kama ilivyo kwetu, mama mkwe ndiye aliyekuwa anamlea: moto hauzimwi, mtori uko jikoni, mzazi kajifunika blanketi na haruhusiwi kushika hata ndoo. Nilipokelewa vizuri mno. Nikapewa kiti, nikapewa bakuli la mtori, nikajiona mtu wa nyumbani. Nikafungua kadi, nikaiona ile alama ambayo nyote mnaijua, ya kwamba mama anaishi na VVU na mtoto anapewa dawa ya kumkinga, na nikauliza kwa sauti ileile niliyoulizia kitovu: "Na ile dawa ya mtoto, unampa kila siku?"

Mama mkwe akageuka. "Dawa gani? Mjukuu wangu anaumwa?"

Mzazi alinitazama, kisha akatazama ukuta. Mimi nikadandia uongo, nikasema ni vitamini. Uongo ule ndio uliomaliza kila kitu, maana bibi yule alishawahi kuuguza ndugu yake na zahanati aliijua kuliko mimi. Aliinua mto wa mzazi, akaikuta chupa, akaisoma taratibu, akairudisha palepale. Hakunifokea. Alinisindikiza mpaka barabarani na kunitakia safari njema.

Kesho yake yule dada alirudishwa kwao, na mtoto wa siku saba mgongoni. Mumewe alikuwa kwenye kibarua Arusha, habari akaipata kwa mama yake kabla mkewe hajapata nafasi ya kumweleza mwenyewe. Nilimtafuta wiki tatu. Nilipopajua kwao, hawakutaka kuniona, na walikuwa na haki. Nesi wa zahanati ya huko aliniambia mtoto yuko kwenye dawa, ila siku nne zilipita bila kunywa. Ni dawa ya kila siku, kwa mtoto wa umri ule. Siku nne zile zilikuwa zangu.

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya mtu ya kipimo cha VVU yawe siri, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Nilikuwa nimekula kiapo. Tatizo ni kwamba niliamini siri huvunjwa sokoni, na watu wenye midomo. Sikujua kwamba huvunjwa pia chumbani, na mtu mwenye nia njema, kwa swali lililomo kwenye fomu.

Siku hizi namwomba bibi atupishe kidogo nimuulize mzazi habari za damu na mshono. Bibi wa Kichaga hilo analiheshimu, atatoka na wote waliomo humo ndani. Maswali mazito nauliza hapo, kwa sauti ya chini, na kishikwambi nakijaza nikishaaga.

3. Mtoto hanyonyi, anapumua harakaharaka, amepata degedege, ana joto kali au amepoa: piga 115, namba ya usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga, ni bure, usisubiri kumaliza fomu.

4. Chanjo ya surua ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika, si ya miezi 9. Na kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90, mkumbusheni baba asiliache tangazo la kizazi, ile karatasi mnayopewa mtoto akizaliwa kituoni, kabatini.

5. Jueni sheria ya ajira, mtaulizwa sana. Mama aliyeajiriwa ana likizo ya siku 84, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini ana hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Baba ana siku 3, na lazima azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, kwa hiyo mwambieni siku ya kwanza. Lakini msisome hayo kama kasuku mbele ya mama anayeuza mitumba soko la Memorial. Yule hana mwajiri wa kumpa siku hata moja. Nilimkuta mmoja mezani kwake, mtoto wa wiki mbili ndani ya boksi la nguo, na nikaanza kumhubiria mapumziko. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Dada, kodi utalipa wewe?" Tangu siku ile kwa kina mama wa biashara naanza na kikombe safi chenye mfuniko. Nilimfundisha kukamua maziwa kwa mkono, tukakaa na wifi yake tukapanga nani abaki na mtoto na saa ngapi aletwe mezani kunyonya. Mpaka miezi sita ilipotimia, mtoto yule hakuonja kitu kingine zaidi ya maziwa ya mama yake.